Bi Kisogo Aliogopa Nini

2 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa dirishani, si kitandani. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, yakishapata joto ananipita mimi kwa mwendo. Binti yangu amechumbiwa, na arusi imepangwa mwezi wa nane, kwa hiyo kuanzia sasa utasikia habari za vitambaa mpaka uchoke. Studio inakwenda. Leo nimeshinda nikipiga picha za pasipoti, na kama kawaida wateja wametoka wamenuna, kwa sababu hakuna mtu anayefanana na anavyojiona.

Najua simu huisikii, ndiyo maana naandika. Mjomba, ninaandika riwaya. Usicheke. Nakaribia miaka hamsini na ninaandika riwaya, kipande kwa kipande, mteja akiwa ameenda nyuma ya pazia kuchana nywele. Nimekufungia sura tatu za mwanzo. Rafiki yangu mmoja alizisoma akasema zinasomeka, ila watu wake wamekauka. "Huyu mama wa riwaya yako," akasema, "nyumba ikiungua anazima moto, mume akiondoka anafungua duka. Mimi nikiachwa nalala wiki nzima na kichwa nimekifunika." Maneno hayo yamenikaa. Katika ukoo huu ni wewe peke yako uliyeandika kitabu kikasomwa mpaka mashuleni. Niambie, mtu wa kubuni unamtiaje hofu mpaka msomaji aiamini?

Mama anakusalimu. Nilimuuliza niandike nini kutoka kwake, akasema, "Muulize kama anakula."

Mpwa wako


19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera kwa binti. Mimi sijambo kwa mtu wa umri wangu, maana yake vinavyouma nimevizoea. Mkono wa kulia unatetemeka ukiinuliwa. Kalamu inalala mezani, kwa hiyo kuandika bado naweza, taratibu. Kijiko lazima kipande, na kikipanda kinamwaga kila kitu njiani. Ndiyo sababu wanangu wameniletea nesi, mwanamke mpole mwenye sauti ya gulioni. Ananiita "babu" na ananifunga kitambaa shingoni. Mwambie mama yako nimesikia salamu zake.

Sura zako nimezisoma mara mbili. Sentensi zako ni safi kuliko zangu za umri huo. Lakini rafiki yako hakukuonea. Huyo mama umempenda mno, ukamwondolea kila kitu ambacho kingemtia aibu, na aliyebaki ni sanamu.

Wanaoanza hukimbilia hofu kubwa: kifo, moto, mwizi usiku. Hizo ni za kila mtu, hazimtambulishi yeyote. Mtu anaweza kusimama mbele ya watu akaeleza jinsi alivyomwogopa mwizi, wakamvutia kiti na kumpa pole. Hawezi kusimama akaeleza kwamba anaogopa kuingia benki kwa kuwa hajui asimame upande gani. Hofu unayoitafuta ni ile yenye aibu ndani yake. Isiyo na aibu ni hatari tu, na hatari haimjengi mtu.

Halafu, ukishaipata, usimruhusu aitaje. Mwenye hofu ya namna hiyo huizungushia tabia: huchelewa makusudi, huaga mapema, husema tumbo linamuuma. Tazama anachokikwepa. Wewe kazi yako ni kukaa nyuma ya kamera. Kabla hujabonyeza, angalia mikono yao inakwenda wapi.

Nesi anasimama mlangoni na bakuli. Naacha hapa.

Mjomba


15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameanza kupaka magoti mafuta aliyopewa na mgonjwa mwenzake wa zahanati, nyumba nzima inanuka karafuu. Binti amebadilisha rangi ya sare kwa mara nyingine.

Nimefanya ulivyosema. Ajabu, miaka yote nilikuwa naona bila kuona. Kuna mzee alikuja na suti nzuri, kila nikimwambia atazame mbele anashika ukosi, anashika ukosi. Mwishowe nikaelewa shati ni la kuazima. Msichana mwingine hakutaka kuvua skafu, akaniambia ana baridi, na jasho linamtiririka. Shujaa wangu, yule mama, naye nimemwandika upya. Sasa anaogopa kusoma kwa sauti mbele za watu, si kwa kuwa hajui kusoma, ila sauti yake hugeuka ya kitoto. Kwa hiyo kila mkutano anakuja bila miwani. Rafiki yangu amesoma akasema, "Huyu sasa namjua."

Sasa niseme lililonifanya nianze kukuandikia. Katika kitabu chako aliye hai kuliko wote ni Bi Kisogo, yule mwanamke anayekula ameelekea ukutani. Watu wamemsahau shujaa wako hata alikuwa na kazi gani. Bi Kisogo hawamsahau. Na mtaani kwetu hawakuhitaji kuuliza umemtoa wapi. Nilipokuwa sekondari tulikisoma darasani. Wenzangu walikuwa wakimwona Mama anapita, wanageukia ukuta wanatafuna hewa. Siku moja nami niligeuka nikatafuna. Sikujua kama aliniona. Mpaka leo sijui.

Nataka kumwandika Mama, Mjomba, na safari hii asichekwe. Msomaji ajue kwa nini. Tatizo ni kwamba kwa nini yenyewe siijui. Nikimuuliza anasema, "Mazoea." Nyie mlikua pamoja. Aliogopa nini?

Kuna jambo jingine, na hili nakuambia wewe tu. Wakwe wa binti yangu ni walimu, baba na mama, na wote wamekifundisha kitabu chako. Hawajui kwamba bibi wa bi arusi ndiye yule. Nimefikiria kwamba siku hiyo Mama akae meza kuu wakati wa hotuba, na chakula kikianza apelekewe chake chumba cha nyuma, asipate taabu. Nimeandika "asipate taabu" na mkono wangu unajua asiyetaka taabu ni nani.

Anasema nikuulize kama unakula.

Mpwa wako


4 Mei

Mpwa wangu,

Nisamehe kuchelewa. Mvua, kisha kifua, kisha uvivu. Nafurahi habari ya shati la kuazima, liweke mahali, utalihitaji.

Kuhusu mama yako, hakuna siri kubwa. Alipokuwa mtoto mwiba wa samaki ulimkwama kooni mbele ya wageni, ikawa kelele na kupigwa mgongo, akatapika mezani. Baada ya hapo akawa hapendi kutazamwa anapokula. Ni hivyo tu. Iandike hivyo, msomaji atamwonea huruma.

Chumba cha nyuma ni mpango mzuri. Watu wazima tusilazimishwe mambo.

Nesi analalamika kwamba mimi ni mkaidi. Nimemwambia ualimu ulinilipa mshahara kwa ukaidi huohuo.

Mjomba


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima. Kadi za mwaliko zimeenda kuchapwa.

Nimeiandika sura ya mwiba wa samaki mara nne na kila mara inakufa. Nikadhani ni mimi. Jana nikaacha kuisoma kama mpwa wako, nikaisoma kama mwanafunzi wako. Mtu aliyekwamwa na mwiba huogopa mwiba, Mjomba. Haogopi macho. Na Mama mwenyewe nampikia samaki, anamla mpaka kichwa, anafyonza na macho.

Nikamsomea. Alikuwa anakunja vitambaa vya meza vya arusi. Nilipofika kwa wageni na kupigwa mgongo akaacha kukunja. "Samaki gani?" akasema. "Kule tulikokulia sisi, samaki tulimwona kwenye kitabu cha shule." Akacheka mpaka akajifuta machozi na vile vitambaa, ikabidi nivifue. Kisha kicheko kikakatika. Akasema, "Mjomba wako amekuwa mzee. Usimsumbue." Nikanyanyuka. Nikiwa mlangoni akaniita. "Lakini muulize kama anakula."

Sasa naogopa kuandika linalofuata, ila nitaandika. Nesi wako alinipigia simu. Namba yangu aliipata nyuma ya bahasha. Anasema unafumba mdomo. Anasema nguo zako zinakuning'inia, na daktari hakuona ugonjwa wa kukuzuia kula. Nikazitoa barua zako nikazisoma tena. Mama amekuuliza swali moja mara mbili na mara zote mbili hukulijibu.

Ni wewe uliyenifundisha nitazame mtu anakwepa nini.

Mpwa wako


25 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata neno. Nesi anasema u hai na unaangalia dirishani. Mpangilio wa viti lazima niupeleke ukumbini mwisho wa mwezi ujao. Kama nilikosa adabu, nigombeze, lakini niandikie.

Mpwa wako


8 Julai

Mwanangu,

Marahaba, zile zote nilizokuwa sijaitika. Hukukosa adabu. Ulisoma vizuri, na mimi sikuzoea kusomwa.

Barua hii imechukua siku nyingi kwa sababu ya mkono, na pia kwa sababu niliichana. Daktari amekuja tena na safari hii alizungumza na nesi barazani badala ya kuzungumza nami, kwa hiyo nimeelewa muda nilio nao. Nakuomba uisome yote kabla hujaniwazia lolote.

Wazazi wetu walipokufa, mimi na mama yako tulichukuliwa na baba yetu mkubwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, na nyumba yake haikukosa wageni. Siku moja tumekaa kula, akanionyesha kwa kidole akawaambia wageni, "Mwangalieni huyu. Anakula kama mtu anayesikia polisi mlangoni." Wakacheka. Hata mimi ningecheka, kwa kuwa ilikuwa kweli: nilikuwa nakula kama chakula kitaondolewa. Kuanzia hapo, kila nikinyoosha mkono watoto wake walikuwa wakisema taratibu, "Polisi hao." Koo likaanza kujifunga. Nilikuwa nashika tonge, naliona linavyotazamwa, siwezi. Nikawa nalala na njaa katika nyumba yenye chakula.

Mama yako ndiye aliyeona. Siku moja alichukua sahani yangu na yake, akanikalisha nimeelekea ukuta, akakaa kando yangu ameelekea ukuta pia. Walipomuuliza ni vituko gani hivyo, akawajibu, "Mimi ndiye sipendi kuangaliwa. Huyu nimemwomba anisindikize." Ile kejeli yote ikahama ikamwangukia yeye. Mimi nikala. Niliwasikia wanamcheka dada yangu nyuma ya mgongo wangu na nikaendelea kula, mwanangu, na chakula kilikuwa kitamu.

Kwa hiyo hofu uliyoniuliza ilikuwa yangu.

Haikuniacha. Chuoni nilikuwa nabeba sahani chumbani nikisema nina vitabu vya kusoma. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilijitangazia vidonda vya tumbo ambavyo hakuna daktari aliyewahi kuvikuta. Katika karamu nilikuwa nashika glasi ya maji na kuongea. Watu wakasema, yule mwalimu ana kiasi, hana tamaa. Nikapata heshima kwa hilo. Mwanamume asipokula mbele za watu ni mheshimiwa. Mwanamke akifanya vilevile ni kichekesho. Nililijua hilo vizuri nilipokaa kuandika kitabu. Nilihitaji mtu wa kuwachekesha wasomaji, na kitu cha kweli nilichokuwa nacho ni hicho kimoja. Nikaichukua hofu yangu nikaivalisha gauni la dada yangu. Nikampa na kikohozi chake, na namna anavyoifuta sahani kwa kidole. Ndiyo maana Bi Kisogo yu hai. Nusu yake nilimwibia dada yangu, nusu ni mimi niliyekuwa najificha.

Na sikiliza sehemu hii, kwa sababu nadhani hata wewe huijui. Wakati naandika, mama yako hakuwa tena akila ameelekea ukuta. Tulipotoka kwa baba mkubwa aliacha. Aliolewa, akala na mumewe, akala na wewe mapajani, kama watu wote. Kitabu kilipotoka ndipo watu walipoanza kumtazama anapokula, kuhakikisha. Ukitazamwa hivyo kila siku, hata mkate unakushinda. Akageuza kiti. Nilimwandikia hofu ambayo hakuwa nayo, na wasomaji wangu wakampelekea nyumbani.

Alikuja kwangu mara moja kulizungumza. Alikuwa amekifunga kitabu kwenye gazeti. Akasema, "Umeandika vizuri. Ila umemsahau aliyekaa kando yangu." Nikammiminia chai. Nikamweleza, kwa sauti ileile niliyokuwa natumia darasani, kwamba wahusika ni wa kubuni, msomaji mzuri hatafuti ndugu zake kitabuni. Alikunywa chai yake ameelekea dirishani. Hakulitaja tena. Tangu siku hiyo ananiuliza kitu kimoja tu, kupitia kwa kila anayekuja: kama ninakula. Yeye ni mtu pekee duniani anayejua maana ya swali hilo, na kila mara nilijibu habari za hali ya hewa.

Ulipouliza aliogopa nini, ningeweza kukujibu kwa mstari mmoja. Nikatunga samaki. Ulipoeleza chumba cha nyuma nikakisifu. Nilikuwa nakusaidia kumficha mtu ambaye hana cha kufichwa. Mpangilio wako wa viti haujaenda, nadhani. Usimpeleke nyuma kwa ajili ya kitu changu. Waambie hao walimu wawili kwamba Bi Kisogo ni mjomba wako, na kama hawaamini waonyeshe barua hii.

Sasa hivi nesi anakaa mbele yangu, anasema, "Fungua, babu," na macho yake yote yako mdomoni mwangu. Nafumba. Yeye na daktari wanadhani nimechoka kuishi. Sijachoka. Nina njaa. Nimesoma vitabu maisha yangu yote, nimefundisha watoto wa watu kuwa wajasiri, na nitakufa kwa kuona aibu ya kutafuna.

Msomee mama yako hii au usimsomee. Sina haki ya kuamua.

Mjomba


21 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Nimekukasirikia kwanza siku mbili. Nakuambia ili usije ukadhani nimekuelewa papo hapo. Nilikitoa kitabu chako kabatini nikakirudisha, nikakitoa. Kisha nikakumbuka meza yetu ya zamani, ile ya bluu. Nimekaa juu ya mapaja yake, mkono wake unanipita unakwenda kwenye sahani, na mbele yetu kuna mlango uko wazi, watu wanapita, anawasalimia na mdomo umejaa. Nilikuwa nalo hilo kichwani miaka yote na sikuwahi kujiuliza ukuta ulianza lini.

Nikamsomea. Hakuacha kukunja vitambaa, ila alikuwa anakunja kilekile. Nilipofika pale kwa chai akasema, "Chai yenyewe haikuwa na sukari." Nilipomaliza nikamwambia na langu, la sekondari, kwamba niligeuka nikatafuna. Akasema, "Nilikuona. Ulikuwa na sare iliyochanika kwapa, nikaishona usiku ule." Nikachukua kitambaa nami nikaanza kukunja.

Baadaye akauliza, "Kwa hiyo hali chakula?" Nikasema hali. Akasema, "Nipangie nguo. Na zile dawa za magoti."

Nimemwambia arusi imekaribia, safari ni ndefu, ni mzee. Amenijibu kwamba atarudi kabla ya arusi, na kwenye mpangilio wangu niandike kiti chake meza kuu kuanzia hotuba mpaka keki, na wanaotaka kuangalia waangalie, yeye amechoka kuziona kuta za watu.

Basi lake ni la kesho asubuhi. Atafika kabla ya barua hii, kwa hiyo sijui naiandika kwa nini. Nadhani ni kwa ajili ya kusema kwamba bado mimi ni

Mpwa wako


29 Julai

Mwanangu,

Barua yako imefika juzi, imemkuta aliyekwisha kufika. Ni kweli, ananuka karafuu.

Alipoingia hakunisalimia. Alimtazama nesi, akaliangalia bakuli, akasema, "Mama, nenda kapumzike. Huyu tatizo lake nalifahamu." Akavuta kiti akakiweka kando yangu, akakisukuma changu na mimi nikiwa ndani yake mpaka tukaelekea ukuta wote wawili. Ukuta wangu una ufa na kalenda ya mwaka uliopita. Akaniwekea kijiko mkononi, akaushika mkono wangu chini ya kiwiko ili usitetemeke, naye akawa anatazama kalenda. Nilikula uji nusu bakuli. Nilipomaliza nikaanza kumwomba msamaha, nilikuwa na maneno niliyoyapanga. Akanikata. "Hilo tutaliongea ukishiba. Na usidhani nimelisahau. Kuna siku nililisahau, na siku hiyo nilikuwa naumwa malaria."

Tumekula hivyo siku kadhaa. Jana alifika na sahani mbili, akavuta kiti, akakaa, halafu akainuka akakigeuza. Akageuza na changu. Tukawa tunatazamana, magoti yanagusana. Sikuwahi kumwona dada yangu akitafuna; tulipokuwa watoto nilikuwa natazama ukuta. Anatafuna upande wa kushoto tu. Akaniambia, "Unaniangalia nini?" Nikasema, "Nakuona unavyokula." Akasema, "Haya, kula nawe nikuone." Nikachelewa sana. Hakusema "fungua". Alisubiri, anatafuna. Nilikula viazi viwili na vikanishuka. Mchuzi kidogo ulimwagika kifuani, akauangalia, akaendelea na chake.

Hajanisamehe. Nimemuuliza tena leo asubuhi, akaniambia sijashiba bado. Atapanda basi kesho aje kwenye arusi yenu. Daktari hajabadili alichosema barazani, na mimi sitegemei abadili. Nesi amejifunza kutazama kalenda.

Lakini wewe unasubiri jibu la sura yako, na safari hii sikulitunga. Nimemuuliza mwenyewe: siku ile kwa baba mkubwa, uliponichukulia sahani ukatugeuza, uliogopa nini? Nilitegemea atasema alinihurumia. Alifikiri kwanza, kijiko kiko hewani, na kwa mara ya kwanza tangu afike nilimwona ameona haya.

"Niliona unakonda," akasema. "Niliogopa utakufa, nibaki pale peke yangu."

Mjomba